Maneno ya Mgonjwa na Hesabu ya Madhara ya Dawa: Mfano wa Kimali

Mtu aliyemeza dawa akapata kizunguzungu ana habari ambayo aliyeitengeneza dawa hiyo hana. Habari hiyo ikifika mahali pa kuandikwa na kuhesabiwa huwa ni elimu. Isipofika hupotea pamoja na kizunguzungu chenyewe. Makala haya yachungua njia ipitayo habari ya namna hiyo, kutoka kinywani mwa mgonjwa wa Kimali katika Mkoa wa Simiyu mpaka katika daftari za dunia, na hasa mahali ambapo maneno ndiyo huifanya ipotee njiani. Jambo lenyewe ni la tiba, walakini sehemu yake kubwa ni ya lugha.

Desturi ya kukusanya habari hizi ilizaliwa na msiba. Mwaka 1961 ilidhihirika kuwa thalidomaidi, dawa ya usingizi ambayo wanawake wajawazito pia waliitumia kutuliza kichefuchefu, ndiyo iliyosababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Uingereza ilianzisha kadi yake ya njano mwaka 1964, na mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani likaanza mpango wa kuunganisha taarifa za mataifa, ambazo hazina yake sasa hutunzwa Uppsala, nchini Sweden. Tanzania iliingia katika mpango huo mwaka 1993. Chombo cha serikali kinachopokea taarifa hizo ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua jina hilo mwaka 2019.

Hata hivyo hazina ya Uppsala haijajaa kwa usawa. Hadi mwaka 2015 ilikuwa na taarifa zaidi ya milioni 11, na zile zilizotoka Afrika nzima hazikufika asilimia 1. Si kwamba Mwafrika hadhuriki na dawa. Mfano wa efavirenzi, iliyotumiwa kwa miaka mingi na watu wenye virusi vya UKIMWI, watosha kuonyesha hivyo. Namna moja ya jeni ifanyayo mwili uivunje dawa hiyo polepole hupatikana kwa wingi zaidi katika watu wa Afrika kuliko watu wa Ulaya. Kwa hiyo kipimo kilekile kilichowatosha wengi wa kule kiliwazidi wengi wa huku, wakaota ndoto za kutisha na kuamka na kizunguzungu. Walioota walijua tangu usiku wa kwanza. Vitabu vilijua baadaye sana.

Ndiyo maana wako wanaoshauri kwamba tusingoje daktari aandike, bali wagonjwa wenyewe, wengi iwezekanavyo, waseme bila kutaja majina. Uingereza iliwaruhusu wagonjwa wa nchi nzima kutoa taarifa wenyewe tangu mwaka 2005. Ushauri huo ni mwema. Lakini kumwambia mtu aseme si kazi, kazi ni kumsikia.

Tuanze na jina la jambo lenyewe. Katika vituo vyetu vya afya, hasa katika mafunzo ya uzazi wa mpango, mgonjwa huambiwa kwamba huenda akapata "maudhi madogo madogo". Msemo huu umetungwa kwa upole, na katika kutuliza hofu wafaa. Walakini tazama ulivyoundwa: maudhi ni jambo la kuchukiza tu, si la kuumiza, likaongezwa udogo, na udogo ukarudiwa. Mwanamke aliyetokwa na damu kwa wiki tatu amekwisha hukumiwa na nomino na kivumishi chake kabla hajafungua kinywa. Neno la pili, "madhara", laegemea upande wa pili. Hilo ni neno la shutuma. Asemaye amepata madhara aonekana kumshitaki aliyempa dawa, naye ni muuguzi yuleyule atakayemhitaji mwezi ujao. Neno "athari" lina usawa zaidi, kwa kuwa athari yaweza kuwa njema au mbaya, lakini ni neno la vitabuni. Baina ya neno lipunguzalo na neno lishitakilo, mgonjwa huchagua kunyamaza.

Au husema kwa maneno yake mwenyewe, nayo hayamo katika fomu. Husema, "Dawa imenikataa," au, "Haikupatana na damu yangu." Mimi nayahesabu maneno hayo kuwa maelezo mazuri kuliko yanavyodhaniwa: yasema kwamba dawa si mbaya kwa watu wote, bali haikuafikiana na mwili huu mmoja, na hilo ndilo fundisho la efavirenzi. Lakini karani hawezi kuliandika. Tena mgonjwa husema, "Moyo wachafuka," akimaanisha kwamba ataka kutapika. Asiyejua Kiswahili vema akiifasiri sentensi hiyo neno kwa neno atapeleka Uppsala ugonjwa wa moyo. Husema "tumbo" akakusudia tumbo la chakula au tumbo la uzazi. Husema miguu yamwaka moto, na mwingine husema imekufa ganzi. Masikio ya kawaida yaona hayo kuwa kinyume, kumbe yote mawili yaweza kuwa dalili za mishipa ya fahamu iliyodhurika, kama ilivyotokea kwa watumiaji wa stavudini, ambayo mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe polepole. Kamusi ya kimataifa ya istilahi za utabibu itumikayo katika hesabu hizi ina maneno zaidi ya 70,000, na msingi wake ni Kiingereza.

Kimali kuna hatua moja zaidi. Ni nchi ya Wasukuma, na wazee wengi huugua kwa Kisukuma kabla ya kueleza kwa Kiswahili. Dawa kwao ni bugota, na bugota, sawasawa na dawa ya Kiswahili cha zamani, si vidonge tu: yamo pia majani na mizizi, na hata ile ambayo Wagika na Wagalu huitumia kuvuta watazamaji katika mashindano ya ngoma. Ukimuuliza mzee, "Je, watumia dawa nyingine?" swali lako ni pana kuliko ulivyokusudia, au kwa aibu atalifanya jembamba kupita kiasi. Tena dawa inayotikisa mwili hudhaniwa kuwa ndiyo yenye nguvu; mwenye kizunguzungu huisifu kwa ukali wake, wala hafikiri kwamba ana jambo la kuripoti.

Kutotaja jina nako kuna hila yake. Katika mji wa watu milioni, mwanamke wa miaka 34 atumiaye dawa fulani amefichika. Kijijini, umri, jinsia na dawa vyatosha kumtaja kana kwamba jina limeandikwa. Na simu atakayotumia aghalabu ni ya mumewe au ya mwanawe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamlinda kwa maandishi, lakini usiri wa kijijini hutaka zaidi: jina la kijiji lisiandikwe, liandikwe la wilaya, umri uandikwe kwa makundi ya miaka kumi.

Iko hoja ya kupinga, nayo haifai kupuuzwa. Taarifa za umma hazina kigawanyo: twajua waliolalamika, hatujui waliomeza. Kwa sababu hiyo ningependa kazi ianzie kwenye prazikwanteli, dawa ya kichocho igawiwayo watoto wa shule katika Kanda ya Ziwa, Simiyu ikiwamo. Hapo idadi ya waliomeza hujulikana, maana kila mtoto hupimwa kwa fimbo ya urefu ili apewe vidonge vya kadiri yake. Yajulikana pia kwamba maumivu ya tumbo na kichefuchefu huwa zaidi kwa mtoto mwenye minyoo mingi. Na hasara ya kutosikiliza imekwisha onekana: mwaka 2008, huko Morogoro, ugawaji wa dawa hiyo shuleni ulisimamishwa baada ya ghasia za wazazi walioamini uvumi kwamba watoto wao wamedhuriwa. Uvumi nao ni taarifa ya madhara isiyo na jina. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeipa daftari.

Daftari hilo likianzishwa Kimali, nashauri lisiulize, "Je, ulipata madhara?" Liulize, "Ulisikia nini mwilini baada ya kumeza?" Kitenzi "kusikia" chabeba maumivu, baridi, kichefuchefu na hofu, wala hakimshitaki mtu. Jibu liandikwe kwanza kama lilivyotamkwa, la Kisukuma kwa Kisukuma, na tafsiri iwekwe pembeni, ili atakayekuja baada yetu aweze kuisahihisha.