Je, wajua? Jicho linaweza kutibiwa na daktari aliye mbali

Je, wajua kwamba wanaanga wamewahi kupimwa macho na wataalamu walioko duniani? Wanaanga Leroy Chiao na Salizhan Sharipov hawakuwa madaktari, wala hawakuwa wameumia. Wakiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, zaidi ya kilomita 300 juu yetu, walifanya kipimo cha jicho kwa ultrasaundi huku wataalamu walioko Marekani wakiwaelekeza. Nia ilikuwa kujua kama jeraha la jicho linaweza kuchunguzwa pasipo daktari karibu. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2005.

Zahanati ya kijijini haihitaji mitambo ya namna hiyo. Mhudumu hugusisha jichoni karatasi yenye rangi ya fluoresini, kisha humulika kwa mwanga wa buluu: palipochubuka hung'aa kijani. Picha ya jicho hilo hupigwa na kutumwa kwa simu kwa daktari bingwa wa macho, pamoja na maelezo: jicho limeumizwa na nini, lini, na linaona kiasi gani. Hata uwezo wa kuona hupimwa kwa simu. Programu ya Peek Acuity ilijaribiwa Nakuru, Kenya, na utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa vipimo vyake vinakaribiana na vya chati za kliniki.

Lakini kinachookoa jicho hasa ni saa. Huko Bhaktapur, Nepal, wahudumu wa vijijini waliwapa watu waliochubuka konea (utando angavu wa mbele ya jicho) mafuta ya kloramfenikoli, mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Kati ya walioanza dawa ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Miongoni mwa waliochelewa hadi siku ya pili, zaidi ya robo walipata maambukizi. Mkulima aliyechomwa na jani la mpunga hapaswi kusubiri siku ya gulio ndipo aende kutibiwa!

Yapo majeraha ambayo kwayo simu huja baadaye. Chokaa, saruji au maji ya betri yakiingia jichoni, anza kuosha papo hapo kwa maji safi mengi, kwa dakika 30 hivi; picha itapigwa baadaye. Jicho lililotobolewa, kinyume chake, halioshwi wala halikandamizwi. Hufunikwa kwa kikombe cha karatasi kisichogusa jicho lenyewe, na mgonjwa husafirishwa mara moja. Picha ikimtangulia hospitalini, madaktari huandaa chumba cha upasuaji mgonjwa angali njiani.