Hesabu ya Geresha katika Mchezo wa Poka

Watu wengi hudhani kwamba mchezaji hodari wa poka ni mwenye bahati, au mwenye uso usioonyesha furaha wala huzuni. Mambo hayo yana sehemu yake, lakini ni ndogo kuliko inavyoonyeshwa katika filamu. Poka ni mchezo wa karata uliokulia Marekani katika karne ya 19, na msingi wake ni hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya. Hapa tutatumia kete za bao badala ya fedha. Hesabu haibadiliki, na karo ya shule itasalimika.

Katika namna ichezwayo zaidi siku hizi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano huwekwa wazi katikati: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja. Kila mmoja huunda mkono bora wa karata tano kutokana na hizo saba. Katika kila hatua wachezaji huweka dau, na asiyetaka kulipa hujitoa. Fungu lote huchukuliwa na mwenye mkono bora, au na aliyebaki peke yake.

Tuseme fungu lina kete 80, na mpinzani wako aongeza 20. Karata nne zi wazi, mbili kati yake zikiwa kopa. Nawe una kopa mbili. Ikija kopa ya tano utashinda, isipokuja utashindwa, na hakuna dau jingine litakalofuata. Karata usizoziona ni 52 kutoa 6, yaani 46. Kopa zilizosalia ni 13 kutoa 4, yaani 9. Je, ulipe?

Fikiri kwamba umeikuta hali hiyo mara 46, na kila karata ikatokea mara moja. Mara 9 utapata kete 100, jumla 900. Mara 37 utapoteza 20, jumla 740. Faida ni kete 160, basi lipa. Lakini mpinzani angaliweka 40, ungalipata 1,080 na kupoteza 1,480. Karata ni zile zile. Kilichobadilika ni bei. Anayeanza hutazama karata tu, na kosa hili ndilo gumu kuliko yote kuliacha, kwa sababu hata uamuzi ulio sahihi hushindwa mara 37 kati ya 46. Anayeupima uamuzi wake kwa matokeo ya jioni moja atajifunza mambo yasiyo kweli.

Na geresha je, yaani kuweka dau kubwa huku mkono ni mtupu? Tuseme karata zote zimetoka, fungu ni 100, nawe waweka 100. Mpinzani atalipa 100 ili apate 200. Ukiweka dau kwa mkono mzuri tu, atajitoa kila mara. Ukigeresha ovyo, atalipa kila mara. Lakini katika kila madau matatu, mawili yakiwa ya kweli na moja la geresha, akilipa yote atapata 200 mara moja na kupoteza 100 mara mbili. Alipe asilipe, ni mamoja kwake. Dau likiwa nusu ya fungu, geresha ipungue hadi moja kati ya nne.

Mwanahisabati John von Neumann, mzaliwa wa Hungaria, aliweka msingi wa nadharia hii mwaka 1928. Mwaka 1944, katika kitabu alichoandika pamoja na Oskar Morgenstern, alionyesha kwamba geresha ni sehemu ya uchezaji bora, wala si ujanja wa pembeni.

Kompyuta zimelithibitisha jambo hilo. Programu hucheza na nafsi yake mara nyingi mno, na baada ya kila mchezo hukadiria majuto: ningalijitoa ningalipata nini? Hatua iliyojutiwa kuachwa huchaguliwa zaidi baadaye. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa mashine hizi, majuto ndiyo mwalimu. Mwezi Januari 2017, huko Pittsburgh, programu iitwayo Libratus, iliyoundwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown, ilicheza na mabingwa wanne kwa siku 20, michezo 120,000, ikawashinda wote. Haikuwa na macho ya kusoma uso wa mtu. Mchana ilicheza, na usiku ilitafuta mahali wapinzani walipokuwa wakiipenya, ikapaziba.