Msanii Naye Apewe Kiti

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walinena wahenga. Neno hilo lafaa kukumbukwa kila inapoteuliwa halmashauri ya kituo cha sanaa za picha na sauti. Aghalabu viti hupewa wenye fedha na vyeo, msanii akabaki mlangoni kungoja kuitwa.

Huko Vancouver, Kanada, mwaka 1973, wasanii wanane walinunua jengo kuukuu, wakaanzisha kituo cha Western Front na kukiendesha wenyewe. Mmoja wao, Kate Craig, alianzisha mwaka 1977 mpango wa kuwaalika wasanii wengine waje kutengeneza kazi za video kwa mitambo ya kituo. Msanii ajua kuwa kamera peke yake haitoshi. Mwenye kuitumia ahitaji pia fundi, muda na nafasi ya kujaribu.

Hata hivyo, kiti hicho kina mtihani. Anayegawa mitambo naye ni mhitaji wa mitambo hiyo hiyo. Hana budi kutoka kikaoni ombi lake linapojadiliwa, na kulitetea la kijana asiyejulikana kana kwamba ni lake. Akishindwa, atakuwa yeye ndiye kunguni wa kitanda kile.