Siku Moja Maskati

Maskati haina katikati ya mji. Ni vitongoji vilivyojipanga kando ya bahari, vikiunganishwa na barabara kuu, na nyuma yake yamesimama majabali makavu yasiyoota hata kichaka. Nyumba karibu zote ni nyeupe, na hutaona maghorofa ya kutisha kama ya Dubai. Mji wa namna hii hauendewi mbio.

Asubuhi anzia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Asiye Mwislamu naye hukaribishwa, isipokuwa Ijumaa. Mwanamke ajifunike nywele. Ndani limetandikwa zulia moja lenye zaidi ya mita za mraba 4,000 na uzito wa tani 21, lililofumwa na wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne. Watu hutazama juu kwenye mataa. Mimi macho yangu yalibaki chini, kwa heshima ya mikono ile.

Kutoka hapo shuka Matrah, ufike mapema, maana maduka mengi hufungwa saa saba mchana mpaka saa kumi. Soko la samaki lina jodari na nguru wa kila ukubwa. Soko kongwe lenyewe ni vichochoro vilivyoezekwa, vyenye kiza na harufu ya ubani wa Dhofar. Nilikaa sana kwa wauza kofia. Kofia ya Kiomani hushonwa kwa vitundu vidogo vidogo, na mzee yeyote wa Unguja angeivaa Ijumaa bila kuuliza imetoka wapi.

Ukifuata ufukwe utapita chini ya chetezo kikubwa cha Riyam kilichojengwa juu ya jabali, ndipo ufike Maskati ya zamani. Ngome mbili, Jalali na Mirani, zinalinda bandari. Wareno walizijenga karne ya 16, wakafukuzwa mwaka 1650. Waomani hawakuishia hapo: mwaka 1698 waliiteka Fort Jesus ya Mombasa. Mtu wa pwani yetu akisimama hapa anaiona historia yake kwa upande wa pili. Makumbusho ya Taifa, yanayotazamana na kasri ya Al Alam, yanastahili alasiri nzima.

Jioni nilikwenda kwa rafiki zangu tuliosoma pamoja Unguja. Baada ya mwaka 1970 Sultan Qaboos aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa ng'ambo, na wengi walitoka Zanzibar, wakiwa na elimu na Kiswahili chao. Mpaka leo utakisikia maofisini na madukani.

“Shikamoo, mama,” niliamkia nilipoingia.

“Marahaba, mwanangu. Karafuu mwaka huu zimezaa?”

Tulikula mishkaki na samaki wa kupaka, tukanywa kahawa kwa tende, tukawataja walimu wetu mmoja mmoja, walio hai na waliotangulia. Wajukuu walisikia kila neno, lakini walijibu kwa Kiarabu. Hilo liliniuma.

Msomaji, nenda kati ya Novemba na Februari. Kiangazi joto hupita nyuzi 40. Na ukialikwa nyumbani kwa Waomani hawa waliotoka Zanzibar usikatae, ukae na wajukuu wao, uzungumze nao Kiswahili.