Altezza inachemka, mafuta inavuja: tupime kwanza, tulipe nyuma

Wafanyakazi wanakuja kwetu, delege wa sindika, na mambo ya primi, ya konje, ya mtoto aliyerudishwa kwenye mlango wa hospitali. Sasa wanakuja pia na mambo ya gari. Mutu anaomba tumsaidie kupata avansi juu ya mshahara. Tunamuuliza ni ya nini, jibu ni lile lile: "Fundi anasema moteri imekufa, tunapashwa kununua ingine." Avansi ile inakatwa kila mwisho wa mwezi, na ni mama nyumbani anayeona mfuko wa unga unapungua. Ndiyo maana leo tunaongea radiatere na mafuta katika ukurasa huu.

Gari yenyewe munaijua. Vijana wengi wa posti wanapenda Toyota Altezza, gari ya spoti, iko chini, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, ikaachwa mwaka 2005. Ulaya na Marekani inaitwa Lexus IS. Taa zake za nyuma ziliigwa karibu dunia yote, hata kwenye magari ambayo hayakustahili. Ndani kuna moteri ya litre 2: silinda 6 kwa ile inayoitwa AS200, silinda 4 kwa RS200. Inashuka Dar es Salaam, inavuka Zambia, inaingia kwa Kasumbalesa, na inafika kwetu ikiwa na rangi inayongaa. Lakini ni gari iliyozeeka. Kila kipande cha mpira ndani yake, jwe, duriti, vifuniko, kimepikwa na moto kwa miaka mingi.

Mwaka huu kijana mmoja wa uzini alikuwa tayari kusaini karatasi ya avansi ya mishahara mitatu. Altezza yake ilikuwa inachemka kwenye njia ya kurudi kazini, na chini yake mafuta ilikuwa inadondoka. Fundi alifungua kapo, akatazama, akasema jwe ya kilasi imeungua na moteri yote haifai tena. Hakupima kitu. Tulimuomba kijana angoje mpaka Jumapili tu. Kati yetu kuna mafundi wa dampa za karieri, na kwa dampa hakuna mutu anayetoa moteri kwa kuangalia na macho. Wanapima presha, wanapima joto, wanachukua mafuta kidogo kwenye chupa kwenda analizi, wanaandika. Kwa nini gari ya mfanyakazi isipate heshima ile?

Jumapili ile, moteri ikiwa baridi, kitu cha kwanza tulichoshika ni kifuniko cha radiatere. Mpira wake wa chini ulikuwa umepasuka.

Hapa tueleze vizuri, kwa sababu sisi wa huku juu jambo hili linatugusa kuliko batu wa Matadi. Kolwezi iko zaidi ya metre 1,400 juu ya bahari, Lubumbashi karibu 1,200. Kadiri unavyopanda, mayi yanachemka mapema. Kwenye bahari yanachemka kwa digri 100, Kolwezi ni karibu 95. Moteri ya kawaida inapenda kufanya kazi kati ya digri 80 na 95. Munaona hesabu? Kama mayi ya radiatere yako wazi, hayana presha, yanaanza kuchemka wakati moteri haijafanya kosa lolote. Kazi ya kifuniko ni kufunga presha ndani. Juu ya vifuniko vingi vya magari ya Japani kumeandikwa 0.9 ao 1.1. Ile ni presha. Kifuniko kizima cha 0.9 kinapandisha mahali pa kuchemka, hata kwetu Kolwezi, mpaka karibu digri 115. Kikipasuka mpira, faida ile yote inapotea. Ni kipande kidogo kuliko vyote, na bei yake haifikani hata kidogo na bei ya moteri ya okazio.

Kitu cha pili kilikuwa vumbi. Mbele ya radiatere ya mayi kuna radiatere nyembamba ya klima. Katikati ya zile mbili, vumbi nyekundu ya njia zetu, pamoja na majani na wadudu, inashikana kama tofali. Kutoka mbele huoni kitu. Tulifungua vis za juu, tukainama na taa: hewa haikuwa inapita. Musafishe kwa mayi ya presha ndogo, kutoka upande wa moteri kwenda mbele, si kwa ile mashine kali ya kuoshea kamyo, kwa sababu inalaza vile vibati vyembamba.

Kisha kuna teremostati, ule mlango mdogo unaozuia mayi mpaka moteri ipate moto. Ukikwama umefungwa, mayi hayazunguki. Kuupima ni kazi ya jikoni. Unautoa, unautia ndani ya sufuria ya mayi juu ya mbabula, unaufunga kwa uzi usiguse chini. Digri ya kufunguka mara nyingi imegongwa juu ya chuma chake, 82 kwa mfano. Mayi yakikaribia kuchemka na mlango bado umefungwa, umekufa. Ukifunguka vizuri, urudishe na jwe mpya. Mafundi wengine wanautoa kabisa na kuutupa, wanasema "huku kwetu joto, hauna kazi". Hatukubaliani nao. Bila teremostati moteri inachelewa kupata moto, inakula esansi mingi, na ugonjwa wenyewe umefichwa tu.

Ventilatere nayo muiangalie. Gari ikichemka inaposimama ama kwenye foleni ya Kasumbalesa, lakini inapoa ikikimbia, wa kwanza kushitakiwa ni ventilatere. Ikichemka ikikimbia ama ikipanda mlima na mzigo, tafuta radiatere iliyoziba, pompi ya mayi, ama mayi machache. Swali hilo moja, "inachemka wakati gani?", linapunguza kazi nusu. Fundi ambaye hakuuliza hivyo hajaanza kutafuta.

Sasa jwe ya kilasi. Ni ile karatasi ngumu inayokaa kati ya bloki na kichwa cha moteri, inatenganisha moto wa silinda, mayi na mafuta. Inaungua kweli, hatusemi hapana. Lakini inaacha alama. Moteri ikiwa baridi, toa kifuniko cha radiatere, jaza mayi, washa. Mapovu yanayotoka bila kuisha, na moteri bado haijapata moto, ni gazi ya silinda inayoingia ndani ya mayi. Duriti ya juu inayokuwa ngumu kama mti dakika moja baada ya kuwasha asubuhi, ni alama ile ile. Moshi mweupe wenye harufu ya sukari sukari, usiokwisha hata moteri ikipata moto, na mayi yanayopungua bila kudondoka chini: alama ingine. Mafuta yenye rangi ya kahawa ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, hiyo ni mbaya sana. Ila mukiona krema kidogo chini ya kifuniko cha mafuta peke yake, katika baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, kwa gari ya safari fupi fupi, musitishwe bado. Inaweza kuwa mvuke tu. Kipimo cha kumaliza ubishi ni kompresio: chombo kinachofungwa mahali pa buji, kinaonyesha presha ya kila silinda. Silinda mbili jirani zikiwa chini kuliko zingine, fundi ana haki ya kusema kilasi itoke. Na hata hapo, jwe kuungua haimaanishi moteri yote imekufa.

Gari ya yule kijana haikutoa mapovu. Kompresio ilikuwa sawa kwa silinda zote.

Ilibaki mafuta. Mafuta inadanganya: inatoka juu, inafuata chuma, upepo wa safari unaisukuma nyuma, inadondoka metre moja mbali na mahali pa kweli. Mutu anayelala chini ya gari na kusema "ni nyuma kabisa, lazima tutoe buati vitesi" amesoma mwisho wa hadithi tu. Osha moteri kwanza, ikauke. Tandika karton safi chini usiku mzima. Nyunyizia poda ya mtoto mahali munapowaza, tembeza gari kidogo, kisha angalia mstari mweusi kwenye poda na uufuate kwenda juu mpaka mwisho. Mahali pa juu kabisa penye kulowa ndipo pa ugonjwa.

Kwa moteri za Altezza, kama kwa nyingi za aina yake, anza na kifuniko cha juu cha kilasi. Jwe yake ya mpira inakauka, inakuwa kama plastiki. Mafuta inashuka pembeni, ingine inaingia ndani ya mashimo ya buji, na moteri inaanza kukohoa. Ikidondokea kwenye bomba la moshi, utasikia harufu ya kuungua ndani ya gari. Hilo si jambo la kungojea mwisho wa mwezi, moto wa gari unaanza hivyo. Kisha angalia filtre ya mafuta, buloni ya vidanji, na kile kidude cha umeme cha taa ya mafuta. Mwisho ndiyo zile jwe za mviringo za mbele na nyuma ya moteri.

Na kabla ya kubadilisha hata moja, angalia njia ya kupumua. Moteri inatoa hewa yake chafu kupitia kivalvu kidogo na mpira mwembamba unaorudi kwenye admisio. Ikiziba na uchafu, presha inapanda ndani na inasukuma mafuta kupitia kila jwe dhaifu. Batu wanabadilisha jwe mara tatu, mafuta inarudi, wanalaani gari, na kivalvu kile hakikuguswa.

Kijana alilipa kifuniko, jwe ya juu, kivalvu na likidi mpya ya radiatere, kwa sababu mayi ya kisima yanaacha chokaa ndani kama munavyoiona kwenye sufuria ya chai. Karatasi ya avansi ilipasuliwa.

Kwa mama anayebebwa kwenye gari hizi, na kwa kila anayeendesha kutoka posti ya usiku: mshale wa joto kwenye tablo za Toyota za wakati ule unakaa katikati hata joto likibadilika kidogo. Ukianza kupita katikati, moteri imekwisha kuwa na moto mwingi. Zima klima, fungua hewa ya moto ya ndani mpaka mwisho, tafuta pa kusimama. Usiseme "kilometre mbili tu nimefika". Kilometre zile mbili ndizo zinazopinda kilasi. Usifungue kifuniko, ngoja nusu saa ao zaidi, na usimwage mayi baridi juu ya chuma chenye moto, kinapasuka. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka na moteri inazunguka, haisemi "ongeza kesho". Inasema presha haiko. Zima pale pale.

Garajini, ombeni vitu viwili kabla ya kutoa franka: namba za kompresio za kila silinda zilizoandikwa kwenye karatasi, na vipande vya zamani murudishiwe mkononi. Fundi mzuri hakasiriki kwa hilo. Mwenye kukasirika, vuteni gari kwa kamba mpaka kwa mwingine. Na anayetaka tuangalie pamoja naye kabla ya kuomba avansi, atupate Jumapili baada ya misa, moteri ikiwa baridi.