Dubrovnik Wakati wa Vuli: Yasome Mapaa Kabla ya Kuoga

Anayetaka kuoga baharini Ulaya bila kusukumana na umati, aende Dubrovnik, kusini mwa Kroatia, mwezi Oktoba. Maji huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza, kwa hiyo Bahari ya Adria iliyopigwa na jua tangu Juni huwa bado na nyuzi 20 hivi hata asubuhi zinapoanza kuwa za baridi. Cha kuangalia ni upepo tu. Jugo huvuma kutoka kusini-mashariki na kuleta unyevu, mawimbi na mvua. Bura hushuka milimani kutoka kaskazini-mashariki, mkavu na mkali, ukafagia mawingu yote. Bura ukishatulia, hiyo ndiyo siku ya kupanda ukutani.

Ukuta unaouzunguka Mji Mkongwe una urefu wa mita 1,940. Wageni wengi wakifika juu huikodolea macho bahari. Mimi nawasihi wageuke watazame mapaa. Vigae vya zamani, vilivyofinyangwa kwa mkono, vimepauka: utaona manjano, waridi na kahawia kwenye paa moja. Ila ni vichache. Vilivyo vingi ni vyekundu, vyote rangi moja na umbo moja, ijapokuwa jua nalo limeanza kuvififisha. Hivyo ni vya kiwandani, vilivyoezekwa baada ya vita. Wekundu huo unaosifiwa kwenye picha ndio ramani ya makombora.

Vita vyenyewe vilifika katika majira haya haya. Tarehe 1 Oktoba 1991, miezi michache baada ya Kroatia kutangaza uhuru, jeshi la Yugoslavia lilianza kuushambulia mkoa wa Dubrovnik, likiwa na askari wa akiba wengi kutoka Montenegro. Maji na umeme vikakatika, manowari zikaifunga bandari. Mji ulikuwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1979, na wengi waliamini kwamba hakuna atakayethubutu kuugusa. Tarehe 6 Desemba ukapigwa vibaya kuliko siku nyingine zote. Hadi mzingiro ulipovunjwa mwaka 1992, takribani theluthi mbili ya majengo 824 ya Mji Mkongwe yalikuwa yamepigwa, na tisa yaliteketea kwa moto.

Mafundi walirudisha mawe ya chokaa, mbao na vigae kwa ustadi mkubwa, kiasi kwamba mgeni asiyeambiwa hatambui kitu. Lakini tazama chini kwenye barabara kuu ya Stradun. Kombora likigonga jiwe hupasuka papo hapo, likaacha shimo dogo lenye mikwaruzo iliyotawanyika kulizunguka. Alama kama hizo bado zipo, na nashukuru kwamba hazikuzibwa zote.

Kilomita chache kusini, katika ghuba ya Kupari, hali ni nyingine. Hoteli zilizokuwa za mapumziko ya wanajeshi wa Yugoslavia zilipigwa na kuporwa, zikabaki magofu kwa miaka zaidi ya 30, huku watu wakiogelea mbele yake. Sehemu hii ilipangiwa kujengwa upya. Ningependa walau ukuta mmoja uachwe usimame.

Haki ilitendeka kwa kiasi. Mahakama ya The Hague iliwatia hatiani Jenerali Pavle Strugar na Admirali Miodrag Jokić wa jeshi la Yugoslavia, na miongoni mwa makosa yao ni kuharibu mali ya utamaduni. Mwaka 2000 Rais Milo Đukanović wa Montenegro aliwaomba radhi watu wa Kroatia. Leo wageni wengi huvuka mpaka na kuingia Montenegro kwa basi, wakala chakula cha mchana katika mji wa Kotor na kurudi jioni.

Ukienda, panda kwanza mlima Srđ ulio juu ya mji. Gari la waya liliharibiwa vitani, likarejea kazini 2010. Kileleni kuna ngome iliyojengwa na Wafaransa wakati wa Napoleon, ambamo wakati wa mzingiro walinzi wachache wa mji walikataa kusalimu amri. Sasa ina makumbusho ya vita. Itengee asubuhi nzima. Bahari itakungoja, na alasiri ndipo maji yanapokuwa na joto zaidi.