Tarakilishi Inapopoteza Mtandao: Utambuzi wa Hitilafu Baada ya Kusakinisha Mfumo Mpya wa Uendeshaji

Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa uendeshaji wa Windows 10, miaka 10 baada ya mfumo huo kuzinduliwa. Tukio hilo liliwafanya watumiaji wengi wa tarakilishi, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu, kutafakari upya hali ya mashine zao. Wapo wanaohamia Windows 11 iwapo mashine zinakidhi masharti yake, na wapo wanaosakinisha mifumo huria ya Linux, kama vile Ubuntu, ambayo hutolewa bila malipo na huweza kufanya kazi hata katika mashine nyingi kuukuu.

Uhamiaji huu una mtihani wake. Mara nyingi mfumo mpya husakinishwa salama salimini, kioo kikang'aa, maandishi yakasomeka vizuri, lakini mashine ikakataa katakata kuingia kwenye mtandao. Kwa mwanafunzi wa uzamili aliyebakiwa na siku mbili kabla ya kumtumia msimamizi wake sura ya mwisho ya tasnifu, hili si jambo dogo. Wengi hutaharuki, wakafuta kila kitu na kuanza upya, na katika pupa hiyo hupoteza hata faili chache zilizokuwa zimesalia. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha tatizo hilo na utaratibu wa kulitatua hatua kwa hatua, pasi na pupa.

Mtandao una viwango kama lugha

Mwanafunzi wa isimu anafahamu kwamba lugha huchanganuliwa kwa viwango: fonolojia, mofolojia, sintaksia na semantiki. Sentensi isiyoeleweka inaweza kuwa na kasoro katika kiwango chochote kati ya hivyo, na mchanganuzi makini hakimbilii maana kabla ya kuthibitisha kwamba sauti zenyewe zimesikika. Mawasiliano ya tarakilishi nayo yamepangwa kwa viwango. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilichapisha mwaka 1984 kielelezo cha viwango 7, kuanzia waya na mawimbi hadi programu anayoiona mtumiaji. Si lazima mtu wa kawaida avikariri vyote 7. Inatosha azingatie kanuni moja: uchunguzi uanzie chini upande juu. Hatua ya pili isichukuliwe kabla ya ya kwanza kuthibitishwa.

Hatua ya kwanza: Je, kosa ni la mashine?

Kabla ya kuulaumu mfumo mpya, simu au tarakilishi nyingine iunganishwe kwenye mtandao uo huo. Ikiwa nayo haipati huduma, basi hitilafu iko kwenye ruta, kwa mtoaji huduma, au bando limekwisha. Mtumiaji akifanya jaribio hili la dakika moja, huenda akajiepusha na kazi bure ya saa kadhaa.

Ikiwa simu inafanya kazi lakini tarakilishi haifanyi, swichi ichunguzwe. Baadhi ya vipakatalishi vina kitufe cha kuzima mawimbi ya waifai, ama ubavuni ama kwenye safu ya juu ya kibodi. Aidha, hali ya ndegeni huweza kuwashwa bila mtumiaji kujua. Katika Linux, amri ya "rfkill list" huonyesha iwapo kifaa kimezuiwa.

Hatua ya pili: Kiendeshi

Chanzo kikuu cha tatizo hili ni kiendeshi, ambacho mafundi wengi hukiita draiva. Kiendeshi ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani baina ya mfumo wa uendeshaji na kifaa fulani. Mfumo wa zamani ulikuwa na mkalimani aliyeielewa kadi ya waifai ya mashine hiyo. Mfumo ulipofutwa, mkalimani naye aliondoka. Mfumo mpya huja na wakalimani wake, lakini si kila mara kwamba mmoja wao anaielewa kadi iliyomo. Katika Linux, kwa mfano, baadhi ya kadi za kampuni ya Broadcom zimejulikana kwa muda mrefu kwa kuhitaji programu za ziada ambazo si huria, na hivyo huenda zisiwemo katika mfumo uliosakinishwa.

Katika Windows, dirisha la usimamizi wa vifaa, linalofunguliwa kwa amri ya "devmgmt.msc", huonyesha alama ya mshangao ya rangi ya manjano kando ya kifaa chenye kasoro. Katika Linux, amri ya "lspci" hutaja kadi zilizomo ndani ya mashine, na "lsusb" hutaja vifaa vilivyochomekwa kwenye tundu za USB. Jina la kadi likishajulikana, kiendeshi chake huweza kutafutwa.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa kiendeshi kinapatikana mtandaoni, na mtandao haupatikani bila kiendeshi. Zipo njia tatu za kujinasua. Ya kwanza ni kutumia waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, kwani viendeshi vya tundu la waya aghalabu huwemo tayari. Ya pili ni kuiunganisha simu ya Android na tarakilishi kwa waya wa USB, kisha kuwasha mipangilio ya kugawa mtandao kwa USB. Tarakilishi huiona simu hiyo kana kwamba ni kadi ya mtandao, na njia hii hufaulu katika Windows na Linux bila kusakinisha chochote. Ya tatu ni kukipakua kiendeshi kwa tarakilishi ya rafiki kutoka kwenye tovuti ya kampuni iliyounda mashine, na kukihamisha kwa diski mweko.

Tahadhari inahitajika zaidi kwa anayesakinisha Windows 11, kwani toleo lake la nyumbani hudai mtandao wakati wa usakinishaji wenyewe. Anayekosa kiendeshi huweza kukwama kabla hajaliona hata eneokazi la mashine yake.

Hatua ya tatu: Anwani

Ikiwa waifai inaonekana na imeunganishwa, ilhali kurasa hazifunguki, hatua inayofuata ni kuchunguza anwani. Kila mashine iliyo mtandaoni hupewa anwani ya IP, ambayo kwa kawaida hugawiwa na ruta. Amri ya "ipconfig" katika Windows, au "ip address" katika Linux, huionyesha. Katika nyumba nyingi anwani hiyo huanza na 192.168. Ikiwa inaanza na 169.254, maana yake ni kwamba mashine iliomba anwani, ikakosa jibu, kisha ikajitungia yake. Katika Windows, amri ya "ipconfig /release" ikifuatwa na "ipconfig /renew" huomba anwani upya. Kuizima ruta na kuiwasha tena husaidia pia.

Hatua ya nne: Majina

Kuna hali ambapo anwani ipo, lakini majina ya tovuti hayatambuliki. Mfumo wa majina, ujulikanao kama DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kazi yake ni kufasiri jina analoliandika mtu kuwa nambari inayoeleweka na mashine. Kwa kutoa amri ya "ping 8.8.8.8", mtumiaji huijaribu njia bila kutegemea jina lolote. Ikiwa jibu linarudi ilhali tovuti hazifunguki kwa majina yake, basi yamkini kasoro imo katika DNS, na huweza kurekebishwa kwa kuandika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 katika mipangilio ya mtandao. Ifahamike hata hivyo kwamba baadhi ya taasisi huizuia amri ya "ping", hivyo ukimya pekee hauthibitishi kwamba njia imekatika.

Hatua ya tano: Saa na masharti ya taasisi

Mashine kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa huweza kurudi nyuma miaka mingi kila inapozimwa. Tovuti salama huthibitishwa kwa vyeti vyenye tarehe za kuanza na kuisha. Mashine inayodhani kwamba huu ni mwaka 2009 itavikataa vyeti vya leo, na kivinjari kitatoa onyo badala ya ukurasa. Dawa yake ni kusahihisha tarehe na kubadilisha betri. Vilevile, anayeweka Windows na Linux katika mashine moja hapa Kenya huweza kuona saa ikitofautiana kwa saa 3. Sababu ni kwamba Windows huihifadhi saa ya mahali katika mashine, ilhali Linux huhifadhi saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3.

Mwisho, mitandao ya vyuo aghalabu huwa na masharti yake. Mingine hudai mtumiaji aingize nywila katika ukurasa maalumu, mingine hudai kifaa kisajiliwe, na mingine hupitia seva ya wakala ambayo mipangilio yake ilifutika pamoja na mfumo wa zamani. Mambo haya hayatatuliwi kwa kufuta mfumo tena, bali kwa kumwona mhudumu wa mtandao.

Suala la istilahi

Msomaji wa jarida hili huenda akauliza: haya yanaihusu nini taaluma ya Kiswahili? Yanaihusu sana. Mwaka 2004, mradi ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maagizo ya Kiswahili. Kazi hiyo ilidhihirisha kwamba lugha hii haina upungufu wa kimaumbile unaoizuia kubeba teknolojia. Hata hivyo, istilahi haikomai kwa kuorodheshwa kamusini, bali hukomaa inapotumiwa na mwenye shida. Mwanafunzi anayeweza kusema, "Mashine imepata anwani lakini haifasiri majina," amekwisha kulitaja tatizo lake, na fundi atajua pa kuanzia. Yule asemaye tu kwamba "mtandao umekataa" hajatofautisha kiwango kimoja na kingine, na msaada wake utachelewa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba upotevu wa mtandao baada ya kusakinisha mfumo mpya una sababu zinazotambulika, na kwamba uchunguzi wa kutoka chini kwenda juu huzibainisha. Bora zaidi ni kinga. Kabla ya kufuta mfumo wa zamani, faili zote zinakiliwe kwingine, jina la kadi ya waifai liandikwe, na kiendeshi chake kihifadhiwe katika diski mweko. Mifumo mingi ya Linux huweza pia kujaribiwa moja kwa moja kutoka kwenye diski hiyo kabla ya kusakinishwa, ili kuona iwapo waifai inafanya kazi. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyejiandaa kwa nusu saa ataituma tasnifu yake kwa wakati.